Kocha asibaki peke yake na mtoto

Fizi yetu haina michezo ya farasi. Lakini nitaanza na farasi, sababu kesi moja ya Marekani inaonyesha wazi jambo linalotugusa kwenye viwanja vyetu vya mpira.

Mwaka 2019 SafeSport, kituo kinacholinda wanamichezo kule, kilimfungia George Morris maisha yake yote. Huyo alikuwa mwalimu mwenye jina kubwa kabisa katika mchezo wa kurusha farasi juu ya vizuizi, na alikuwa amepata medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1960. Shutuma zilikuwa za kumtendea vibaya mtu asiyefika miaka 18, na zilihusu mambo ya kati ya 1968 na 1972. Yeye alikataa, akakata rufaa, akashindwa. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 50 ya kimya. Na uamuzi ulipotoka, watu wengi wa mchezo ule walisimama upande wake.

Kimya hicho kilitoka wapi? Farasi ni mali ya bei kali. Mwalimu ndiye anaamua nani apande, nani aende mashindano, nani alale wapi safarini. Mtoto anayempenda farasi anajua kwamba akifungua mdomo, farasi anaondoka.

Sasa badala ya farasi weka mpira. Weka viatu na jezi.

Hapa Baraka, na kule Sebele na Lusenda, mtoto wa mhami hana shamba, mara nyingi hana hata darasa. Ana kiwanja. Wengine walishuka kutoka nyanda za juu, wengine wametoka Uvira, na wakimbizi wa Burundi wako kwetu tangu 2015. Mzazi anaamka kutafuta chakula, mtoto anabaki na kocha mpaka giza. Makocha wengi ni watu wazuri, wanajitolea bila kulipwa hata franka moja, na bila wao vijana wetu wangejazana kwenye makundi ya silaha. Hilo nalisema kwa moyo wote. Lakini uzuri wa mtu siyo ulinzi. Mtu mbaya naye anajua kutabasamu, tena anachagua kazi mahali watoto wanamfuata wenyewe.

Kinachonitia hofu zaidi ni safari. Mtu anakuja nyumbani, anasema mtoto ana kipaji, atampeleka Bujumbura au Kigoma akajaribiwe na ekipe kubwa. Baba hajui jina la ekipe, hana simu ya mtu yeyote kule, lakini anakubali, sababu njaa inasema naye. Katika mashindano ya ngamia kule Ghuba mambo yalianza hivyo hivyo. Watoto wadogo wa Sudan, Mauritania, Pakistan na Bangladesh walichukuliwa kwa ahadi ya mshahara. Walinyimwa chakula ili wabaki wepesi juu ya mgongo wa ngamia. Umoja wa Falme za Kiarabu ulipiga marufuku jambo hilo mwaka 2005, watoto zaidi ya 1,000 wakarudishwa kwao kwa msaada wa UNICEF, na leo ngamia wanapandishwa mashine ndogo. Kumbe mashindano yaliweza kuendelea bila mtoto hata mmoja!

Tusisahau watu wazima. Binti wa miaka 19 siyo mtoto tena mbele ya sheria, lakini kama kocha ndiye anamlipia chumba, neno lake la kukubali lina uzito gani? Kijana kiziwi anayecheza vizuri, atamwambia nani, kwa lugha gani?

Sheria tunayo. Ile namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inamlinda kila mtu asiyefika miaka 18, na ile ya 2006 juu ya ubakaji iko kali. Kinachotuua ni kumaliza mambo kinyumbani. Wazee wanaketi, mbuzi wawili wanatolewa, pengine na katoni ya bia, na wiki inayofuata kocha yuko kiwanjani na filimbi shingoni. Mama wa mtoto anaambiwa asiharibu jina la ekipe.

Wanaosema huku kwetu kesi hazifiki popote wakumbuke mwaka 2011. Baada ya wanawake kubakwa Fizi tarehe 1 mwezi wa kwanza, mahakama ya kijeshi ilikuja kuketi hapa hapa Baraka. Wanawake zaidi ya 40 walitoa ushahidi, na mwezi wa pili Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20. Kama mama zetu waliweza kusema mbele ya kanali, kwa nini sisi tuogope prezida wa ekipe?

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye ekipe, na kwa mashirika yanayogawa mipira kisha yanapiga picha na kuondoka. Kocha asibaki peke yake na mtoto, si chumbani, si kwenye pikipiki usiku. Kwa safari, mzazi mmoja aende nao. Na kila ekipe ichague mama mmoja ambaye si ndugu wa kocha, watoto wamjue kwa jina, wampelekee neno lolote.

Mzazi, kama jambo limeshatokea, usimuogeshe mtoto, usisubiri wazee waketi. Mpeleke hospitali kabla saa 72 hazijapita, sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazina nguvu baada ya hapo. Hata kama saa hizo zimepita, mpeleke tu. Karatasi ya daktari iweke vizuri, polisi wataiomba.

Likizo kubwa inakaribia, na mashindano ya mitaa pamoja nayo. Kabla ya mechi ya kwanza, prezida wa kila ekipe ashike mikrofoni atuambie jina la huyo mama.