Panya Aweza Kutufundisha Juu ya Tegu

Wako watu wanaocheka wakisikia kwamba wataalamu hutumia miaka mingi kuchungua matumbo ya panya. Husema, "Panya anatumalizia mahindi ghalani, atatufaa nini?" Maoni yangu ni kwamba atatufaa sana, hasa sisi tunaofuga nguruwe.

Yuko tegu mmoja ambaye mtoto wake hukaa ndani ya wadudu wa nafaka. Panya mkubwa akimla mdudu huyo, tegu hukua tumboni mwake, na aweza kukaa humo maisha yote ya panya. Lakini kwa panya mdogo mambo ni mengine. Kwa muda wa majuma mawili hivi mwili wake humtambua mgeni huyo na kumtoa nje. Tegu wa namna ile ile akiingia mara ya pili, hufukuzwa upesi zaidi, maana mwili umekwisha kumjua. Lakini panya wadogo waliozaliwa bila tezi ya kifuani inayokomaza askari wa damu, hawawezi kumfukuza. Basi kazi hiyo ni ya askari wa mwili, si bahati.

Sasa tujitazame. Kwa tegu wa nguruwe, mtu ni kama yule panya mkubwa: aweza kumchukua tumboni miaka kadhaa bila kujua, huku akitoa mayai katika kinyesi. Nguruwe akila kinyesi hicho, nyama yake huingia malengelenge. Na mtu akimeza mayai hayo kwa mikono michafu, malengelenge yaweza kuota ubongoni na kumletea kifafa. Huko si kurogwa.

Kuufundisha mwili wa mnyama mapema kumeleta faida. Mwaka 1989 wataalamu wa Australia na New Zealand walitangaza chanjo ya kuwakinga kondoo na tegu. Baadaye ikapatikana ya nguruwe, iitwayo TSOL18.

Lakini chanjo hiyo humkinga nguruwe tu. Haimtoi tegu aliye tumboni mwa mtu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo fungia nguruwe wako bandani. Chimba choo, na watu wote wa nyumbani wakitumie, hata watoto. Nawa mikono kwa sabuni. Pika nyama mpaka iive kabisa. Mwenye tegu aende hospitali apewe dawa.

Asiye na choo asidhani anajidhuru mwenyewe tu. Mayai ya tegu wake yaweza kumletea kifafa mtoto wa jirani ambaye hajaonja nyama ya nguruwe hata siku moja.