Mnamcheka Staa Aliyesema Dubai ni Nchi? Haya, Mji Mkuu wa Uturuki ni Upi?

Mwanadada mmoja wa Bongo Muvi, mwenye wafuasi wa kumwaga Insta, kaposti picha yupo juu ya ngamia jangwani. Miwani ya bei, mtandio kichwani, pozi la kibosi. Chini yake kaandika kwa mbwembwe kwamba hiyo ni nchi yake ya saba kuitembelea: Dubai.

Hata ngamia hajapiga hatua, wanazengo wakamshukia kama mwewe. "Dada, Dubai siyo nchi." "Shule ulifuata uji?" "Ndio maana filamu zako hazieleweki." Wengine wakamwekea ramani, wengine wakamtumia vitabu vya darasa la tano. Kufika jioni picha imefutwa na dada wa watu kanuna, haposti tena.

Ukweli usemwe, kakosea. Dubai ni jiji, na ni mojawapo ya falme saba zinazounda nchi inayoitwa Umoja wa Falme za Kiarabu. Nyingine ni Abu Dhabi, Sharjah, Ajman, Fujairah, Ras Al Khaimah na Umm Al Quwain. Mji mkuu wa nchi yenyewe ni Abu Dhabi, siyo Dubai. Hapo hakuna ubishi.

Ishu inaanzia kwa waliokuwa wanacheka. Chukua kumi kati yao, waweke kando bila simu, waulize mji mkuu wa Uturuki. Wengi watajibu Istanbul bila kupepesa macho, kwa sababu ndiko wanakotoka zile nguo za Kariakoo. Jibu ni Ankara. Waulize Nigeria, watasema Lagos kwa kuwa ndiko wanakoishi mastaa wa Afrobeats. Jibu ni Abuja. Australia? Watasema Sydney, kumbe ni Canberra. Brazil? Rio de Janeiro, kumbe ni Brasília. Sauzi? Hapo ndipo watu watakapopigana, maana nchi ile ina miji mikuu mitatu: Pretoria kwa serikali, Cape Town kwa bunge na Bloemfontein kwa mahakama. Johannesburg, ambako kila msanii anakwenda kushuti video, haimo kabisa kwenye orodha.

Jiji lenye jina ndilo linaloshinda

Ukiangalia vizuri, makosa yote hayo yana mzazi mmoja. Kichwa cha binadamu kinashika jiji linalotajwa sana. Jiji lenye nyimbo, uwanja wa ndege mkubwa, maduka na mastaa ndilo linalobaki kichwani. Mji mkuu unaweza kuwa mji wa kimya tu wenye wizara na mabarabara mapana.

Na nchi nyingi zilifanya hivyo makusudi. Brazil ilihamia Brasília mwaka 1960 ili kusogeza maendeleo ndani ya nchi, mbali na pwani. Nigeria ilihama rasmi kutoka Lagos kwenda Abuja mwaka 1991, ikatafuta sehemu ya katikati ambayo hakuna upande utakaosema ni mali yake. Canberra ilijengwa kwa sababu Sydney na Melbourne zilikuwa zinagombea, ikabidi utafutwe mji wa tatu ugomvi uishe. Côte d'Ivoire nayo iliutangaza Yamoussoukro kuwa mji mkuu mwaka 1983, lakini mpaka leo watu wanataja Abidjan. Majirani zetu Burundi, makao ya siasa yamehamia Gitega, ila mtu akiulizwa anasema Bujumbura.

Sasa mtu anayecheka hayo akumbuke nyumbani. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973. Sheria ya kuitangaza rasmi kuwa makao makuu ya nchi ilikuja mwaka 2018. Ni miaka 45 hapo katikati! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa uamuzi alishakuwa mtu mzima na watoto wake. Ndio maana mpaka leo ukimstua Mbongo usingizini ukamuuliza mji mkuu, anaweza kukutajia Dar es Salaam. Hajakosa akili, jiji lenye jina limemzidi nguvu.

Nyumbani ndiko aibu ilipo

Maswali ya nje yanasameheka. Mtu ambaye hajawahi kupanda ndege hana sababu ya kulala na ramani ya Australia. Balaa liko kwenye maswali ya hapa hapa.

Kuna msanii wa muziki alihojiwa redioni kuhusu ziara yake ya mikoani, akasema amefika "mkoa wa Kahama" na watu walijaa balaa. Mtangazaji naye akaitikia, safi sana. Kahama iko mkoa wa Shinyanga. Wote wawili wakapita kama hakuna kilichotokea, na wasikilizaji hawakusema kitu, kwa sababu wengi nao walikuwa hawajui.

Tanzania ina mikoa 31: 26 Bara na mitano Zanzibar. Lakini mtu aliyemaliza shule kabla ya 2012 alikariri orodha fupi, maana mwaka huo ndipo zilipoongezeka Geita, Simiyu, Katavi na Njombe. Songwe ikaja 2016, ikamegwa kutoka Mbeya. Hakuna aliyepita mitaani kuwafundisha upya waliokwishamaliza. Kwa hiyo kaka mtu mzima anabishana na mdogo wake wa sekondari kuhusu idadi ya mikoa, na kila mmoja anaona mwenzake kilaza, kumbe kila mmoja alifundishwa sawasawa kwa wakati wake.

Halafu kuna hii ya Zanzibar. Mrembo wa mjini kapumzika Nungwi, anaulizwa kama amefika Unguja, anajibu hapana, yeye yuko Zanzibar tu. Nungwi iko Unguja, tena Kaskazini kabisa. Zanzibar ni jina la visiwa kwa pamoja, vikubwa vikiwa Unguja na Pemba. Mpemba akisikia mtu anasema "nimeimaliza Zanzibar yote" kwa siku tatu za hotelini, anabaki kutikisa kichwa.

Na Kilimanjaro? Kila mara mgeni akiandika kwamba mlima huo uko Kenya, Wabongo wanatoa povu usiku kucha. Sawa, wana haki, mlima wa mita 5,895 uko Tanzania. Ila kati ya wanaotoa povu, wangapi wanajua kwamba kilele chake kinaitwa Uhuru na kiko juu ya Kibo? Wangapi wanajua mwenzake wa pembeni anaitwa Mawenzi? Povu ni jingi kuliko ramani.

Mpira umewaumbua wanaosema vijana hawana kichwa

Kuna wazee wanapenda kusema kizazi cha simu hakiwezi kushika kitu. Waende kwenye kibanda umiza siku ya mechi ya Afrika.

Kijana ambaye hajui Simiyu iko wapi atakutajia Conakry, Lubumbashi, Casablanca na Algiers bila kusitasita. Atakwambia Berkane ni mji mdogo wa Moroko, kwa sababu mwaka 2025 RS Berkane iliwatoa machozi Simba kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho. Wa Yanga wanaijua Algiers kwa sababu ya USM Alger, fainali ya 2023, ile ya kukosa kombe kwa goli la ugenini. Hakuna mwalimu aliyewachapa fimbo. Walijifunza kwa sababu kulikuwa na kitu chao pale.

Kwa hiyo kichwa kipo. Kinachokosekana ni sababu ya kujua. Shuleni watu walikariri mradi wa bonde la Mto Tennessee kule Marekani, wakapata alama, wakasahau. Hakuna aliyewaonyesha ramani inawahusu nini wao wenyewe.

Ramani inayomhusu mtu moja kwa moja

Hapa ndipo kicheko kinapaswa kukatika.

Staa akikosea Dubai, hasara yake ni matusi ya siku mbili. Anafuta picha, kesho anaposti nyingine. Lakini kuna binti wa Temeke, au wa Tanga, au wa Pemba, anayeambiwa na wakala kwamba kapatikana kazi za ndani "Dubai". Kwake yeye Uarabuni kote ni Dubai, kwa sababu kwenye simu yake ndilo jina pekee analoliona. Mastaa wote wakienda upande ule wanaandika Dubai. Siku ya safari anapewa tiketi imeandikwa Muscat. Anaona ni sawa tu, si huko huko?

Siyo huko huko. Muscat ni mji mkuu wa Oman, nchi nyingine kabisa, yenye sheria zake, pesa yake na ubalozi wake. Kutoka Muscat mpaka Dubai kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400, na katikati kuna mpaka wa nchi mbili unaohitaji hati. Ni kama kumwambia mtu unakwenda Dar halafu anajikuta Dodoma, ila huyu kavuka bahari, hana ndugu, na pasipoti yake anaweza kuwa ameishaichukua mwajiri. Mambo yakiharibika, anapiga simu nyumbani anasema niko Dubai. Ndugu wanahangaika na watu wa Dubai, wakati msaada wake uko kwenye ubalozi wa Tanzania Muscat. Muda unakwenda, na kwenye shida kama hizo muda ndio kila kitu.

Sasa swali, kwa nini yule binti hakuuliza? Kwa nini hakusema "samahani, hii Muscat iko nchi gani"?

Kwa sababu aliona alivyofanywa yule staa. Aliona mtu mwenye hela, mwenye jina, anaitwa mjinga na watu elfu mbili kwa kutojua kitu kimoja. Kama yule alitukanwa hivyo, yeye ambaye hana hata kidato cha nne atafanywaje? Anakaa kimya. Anaitikia. Anapanda ndege.

Hilo ndilo tatizo la kicheko cha mitandaoni. Hakimfundishi mtu yeyote jiografia. Kinawafundisha watu kuficha kwamba hawajui, na mtu anayeficha hajui ndiye anayeibiwa kirahisi kuliko wote.

Watasema Google ipo, mtu si atafute? Google ipo, kweli. Ila Google inamsaidia aliyeshtuka kwamba kuna kitu cha kutafuta. Mtu anayeamini Dubai ni Uarabuni yote hawezi kutafuta, kwa sababu kichwani kwake jibu tayari analo.

Na mastaa nao wasijifanye hayawahusu. Mtu mwenye wafuasi milioni ni mwalimu wa jiografia apende asipende. Akiandika "Istanbul, Uturuki" au "Muscat, Oman" chini ya picha, haimpunguzii urembo wala kiki. Neno moja la ziada, na watoto wanaomfuata wanaondoka na kitu. Na akikosea, asifute kwa hasira. Arekebishe, acheke, aendelee. Hapo atakuwa kafundisha mara mbili.

Wanaomrekebisha nao wabadilishe lugha. "Dubai ni jiji, dada, nchi yake inaitwa Falme za Kiarabu" ni sentensi fupi kuliko tusi, na bando inakula kidogo.

Jipime bila simu

1. Tanzania inapakana na nchi ngapi?
2. Kisiwa cha Mafia kiko mkoa gani?
3. Tunduma iko mkoa gani?
4. Ziwa Victoria linagawanywa na nchi zipi?
5. Kinshasa na Brazzaville zinatazamana, katikati kuna nini?
6. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako mji gani?
7. Nchi ipi ya Afrika ilipata uhuru mwaka 2011?
8. Eswatini iliitwaje kabla ya 2018?
9. Mji mkuu wa Canada ni upi?
10. Wakala kakwambia kazi iko Salalah. Ni nchi gani?

Majibu: 1. Nane: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo (DRC), Zambia, Malawi na Msumbiji. 2. Pwani, siyo Zanzibar. 3. Songwe. 4. Tanzania, Uganda na Kenya. 5. Mto Kongo. 6. Arusha. 7. Sudan Kusini. 8. Swaziland. 9. Ottawa, siyo Toronto. 10. Oman, tena mbali na Muscat, kusini kabisa.

Aliyepata kumi hongera zake, ila asimcheke aliyepata mbili. Ampe hilo jibu la kumi kwanza, hayo mengine yatafuata.