Anayenunua asiwe ndiye anayehesabu

Mkulima wa kahawa ya arabika wa Kilimanjaro au Mbinga anajua kuwa bei yake hufuata soko la New York. Asichokijua pengine ni kwamba miongoni mwa wanaonunua na kuuza mikataba ya kahawa katika soko hilo ni mifuko ya uwekezaji ya matajiri, ambayo wenyewe huiita mifuko ya heji. Namna mifuko hiyo inavyoendeshwa, na jinsi mingine ilivyoanguka, ina funzo kwa kila chama cha ushirika.

Mfuko wa heji hukusanya fedha za matajiri, vyuo vikuu na mifuko ya pensheni, kisha meneja huzifanyia biashara ya hisa, fedha za kigeni na mazao. Ada iliyozoeleka kwa miaka mingi ni asilimia 2 ya mtaji kwa mwaka na asilimia 20 ya faida. Mtu akiweka dola 100 zikazaa 10, meneja huchukua 2, kisha 1.60 katika 8 zilizobaki. Mwenye mali huambulia 6.40. Kwa ada kama hizo, wawekezaji wana haki ya kudai gharama za uendeshaji zipungue.

Tatizo ni pale panapopunguzwa. Wapo wanaodhani ufanisi ni mtu mmoja kufanya kazi za watu watatu. Mfuko wa Bayou wa Marekani, ulioanzishwa na Samuel Israel mwaka 1996, ulipopata hasara ulimwondoa mkaguzi huru wa hesabu. Ofisa wake wa fedha, Daniel Marino, akaunda kampuni bandia ya ukaguzi. Hata kampuni ya udalali iliyoutumikia mfuko ilikuwa ya nyumba hiyo hiyo. Mfuko ulianguka mwaka 2005, na mwaka 2008 wote wawili walihukumiwa miaka 20 jela.

Desemba mwaka huo huo alikamatwa Bernard Madoff wa New York. Yeye hakuwa na mfuko wa heji, lakini baadhi ya mifuko hiyo ilimkabidhi fedha za wateja. Kampuni yake ndiyo iliyodai kununua hisa, ndiyo iliyozitunza, na ndiyo iliyoandika taarifa. Hisa zenyewe hazikuwapo. Mwaka 2009 alihukumiwa miaka 150.

Tangu hapo mwekezaji makini huuliza kwanza nani anatunza fedha, nani anahesabu na nani anakagua. Majibu yakiwa jina moja, anaondoka. Aidha, tangu Mei 28, 2024, hisa zinazouzwa Marekani hulipiwa na kukabidhiwa siku moja ya kazi baada ya mauzo, badala ya mbili. Mfuko usiolinganisha daftari lake na la dalali na la benki siku hiyo hiyo hujikuta umechelewa. Kompyuta hufanya ulinganishaji, na makarani hufuatilia tofauti tu. Huo ndio ufanisi wa kweli: kazi inakwenda haraka, lakini mikono inabaki mbalimbali.

Hapa nyumbani, chama kinapomwachia karani mmoja apime kahawa, aandike stakabadhi na alipe fedha, kwa kisingizio cha kubana matumizi, kinafuata njia ya Bayou. Mshahara wa karani wa pili ni mdogo kuliko magunia yanayopotea kati ya mizani na daftari.

Hapana budi wanachama waulize katika mkutano mkuu: anayepima ndiye anayelipa? Daftari la chama na taarifa ya benki vililinganishwa lini mara ya mwisho, na nani aliyeweka saini? Kamati ya usimamizi ikishindwa kujibu, wanachama wasipitishe hesabu hadi ijibu.