Alfabeti ya Vidole Si Lugha

Miongoni mwa walimu wenzetu wamo washikiliao kwamba viziwi hawana lugha yao, bali huendeleza tu kwa vidole maneno ya wenye kusikia. Dai hili ni potofu, na mfano wa Urusi watosha kulivunja.

Alfabeti ya Kirusi ina herufi 33, na kiziwi wa huko huziunda zote kwa mkono mmoja. Herufi nyingi ni umbo la vidole tu. Chache huongezewa mwendo, kama И, ambayo mkono ukitikiswa huwa Й. Victor Fleury, mwalimu wa viziwi mjini St Petersburg, alieleza habari za vidole na za ishara katika kitabu chake cha mwaka 1835. Basi mambo haya mawili hayakuanza jana, wala si kitu kimoja.

Vidole hutumika kutaja jina la mtu, mji, au istilahi isiyo na ishara yake. Mazungumzo yenyewe huendeshwa kwa ishara zenye sarufi yake. Nomino ya Kirusi hubadilika mwishoni kwa hali 6 za kisarufi, ili ajulikane mtenda na mtendwa. Lugha ya ishara haina miisho hiyo: kitenzi cha kutoa huanzia upande wa mtoaji kikaishia kwa mpokeaji, na mwendo huo ndio sarufi. Mtaalamu Galina Zaitseva alibainisha waziwazi tofauti kati ya lugha hii na Kirusi kilichovikwa ishara.

Hata hivyo, shule za Kisovieti zilivikaribisha vidole kwa kuwa vilikitumikia Kirusi, na lugha ya ishara aghalabu ikaachwa mabwenini. Sheria ya Urusi iliipa hadhi mwezi Desemba 2012 tu. Vizazi vingapi vilikwisha kupita?

Watasema: mtoto sharti asome Kirusi. Naam, asome, na vidole ni daraja jema la kumfikisha kwenye maandishi. Lakini daraja huhitaji kingo mbili. Mtoto asiye na lugha ya kumwelezea maana ataendeleza neno herufi kwa herufi asijue alitajalo.

Nani kati yetu angemsifu mwanafunzi kuwa anajua Kiswahili kwa kuwa amekariri a, e, i, o, u? Tusimpimie kiziwi kwa kipimo tunachokikataa wenyewe.