Nani Atatutazama Sisi?

Ukiuliza darasani nani anataka kuwa mchezaji, mikono yote iko juu. Uliza nani anataka kuwa mtafutaji wa wachezaji, utachekwa. Mimi naona hiyo ni kazi kamili. Kule Kanada, timu za hoki ya barafu huajiri watu wa kuzunguka miji midogo wakitazama vijana wa rika letu, tena kwa mshahara.

Hapa Kenya tunaye Bruda Colm O'Connell. Alitoka Ayalandi mwaka wa 1976 kufundisha jiografia St. Patrick's Iten, na riadha hakuwa ameisomea. Alitazama tu watoto wakikimbia, akajifunza. Peter Rono, aliyesoma hapo, alishinda mita 1500 Seoul 1988. David Rudisha, ambaye pia alimfundisha, alishinda mita 800 London 2012 kwa dakika 1:40.91.

Watu husema Iten ni mlimani, hapa Kulamawe ni joto. Sawa, lakini si mlima uliomwona Rono! Huku wako watoto wanaofuata ngamia kutwa nzima, na sijaona mtu akiwapima kwa saa. Kaunti iajiri hata mmoja, apewe pikipiki, azunguke hapa, Garbatulla na Kinna. Nikimaliza kidato cha nne, mimi nitaiomba kazi hiyo.