Tumfunde Bi Harusi na AC ya Nyumba Yake

Leo sina fasheni wala mapishi. Nataka tuzungumze kuhusu AC, na naomba msinicheke, maana jambo hili limenila pesa na limenitia aibu mbele ya mteja.

Wanaonijua wanajua kuwa nashona nguo za maharusi nyumbani. Nyumba yetu imefungwa ile AC ya mashine moja nje na mashine tatu ndani: moja chumbani kwa mama mkwe wangu, moja ukumbini, na moja chumba ninachoshonea. Kila chumba kina rimoti yake. Ukumbini hatuwashi ila usiku au tukiwa na wageni.

Sasa mwaka huu Shaaban imeingia na joto la kaskazi, na mnajua harusi zinavyosongana kabla ya Ramadhani. Katikati ya kazi, AC ya chumba changu ikaacha kutoa baridi. Taa inamweka, upepo hakuna. Nikaita fundi. Akaitazama kidogo, akasema, "Dada, gesi imekwisha." Nikatoa shilingi 80,000, akatia, chumba kikapoa. Baada ya siku tatu mambo yakawa yale yale. Akaja tena, akatia tena, nikatoa tena. Ikapoa siku mbili.

Siku ya tatu akaja bi harusi kujaribu gauni, na mama yake na shangazi zake wawili. Chumba kama tanuri. Jasho likapenya kwenye satini mgongoni, likaacha alama. Mtoto wa watu akalia, na mimi sikuwa na la kumwambia ila samahani. Kipande kile cha mgongo nilikikata upya kwa kitambaa nilichokinunua mwenyewe, nikakishona usiku huo huo huku jasho likinitoka.

Nilipokuwa nashona nikawa najiuliza. Mwalimu aliyenifundisha ushonaji alitukataza kukimbilia fundi kila cherehani inaporuka mishono. Alitwambia badilisha sindano kwanza, tunga uzi upya, safisha vumbi kwenye meno, kagua bobini. Mara nyingi tatizo linakuwa hapo hapo. Cherehani yangu naijua hivyo, basi kwa nini AC, ambayo bei yake ni kubwa kuliko cherehani, naiita mambo ya wanaume?

Asubuhi nikapita chumba kwa chumba. Nilipofika kwa mama mkwe nikaiangalia rimoti yake. Ilikuwa na picha ya jua. Jua maana yake joto! Kumbe mama baridi ilikuwa inamuuma magoti, akamwambia mjukuu wake aipunguze, na mtoto akabonyeza kitufe mpaka baridi ikakoma. Mama akaridhika.

Mashine ya nje ni moja. Nyingi za aina hii haziwezi kupeleka joto chumba kimoja na baridi chumba chengine kwa wakati mmoja. Mara nyingi chumba kilichotangulia kuwashwa ndicho kinachosikilizwa, na kile kilichoomba kinyume chake kinasubiri huku taa yake ikimweka. Na kila fundi alipokuja, mama alijitanda kanga, akazima AC yake, akaenda kukaa kwa jirani. Kwa hiyo yangu ikawashwa peke yake, ikapoa, nasi tukaamini ni gesi.

Gesi ile haikuhitajika. Fundi mwengine alipokuja na vipimo vyake aliikuta imezidi, ikabidi aitoe, maana gesi ikizidi inaichosha kompresa. Hiyo ikawa gharama ya tatu. Simwiti yule wa mwanzo mwizi, Mwenyezi Mungu anajua zaidi nia yake. Yeye hakupima na mimi sikuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Basi haya ndiyo ninayofanya sasa kabla sijapiga simu.

Kwanza, nawasha chumba kimoja kimoja. Kikikataa kimoja na vyengine vinapoa, aghlabu tatizo limo mule mule: rimoti, filta, bomba la maji au waya. Vikikataa vyote, naangalia upande wa nje: breka, umeme mdogo, feni ya nje, halafu ndiyo gesi. Vyumba vyote vinatumia gesi ya mashine moja, kwa hiyo ikipungua sana si chumba kimoja kitakachoteseka. Fundi akikwambia gesi imekwisha na vyumba viwili vinapoa vizuri, muulize amejuaje. Na ukiwasha chumba kimoja halafu baridi au matone ya maji yakatokea chumba chengine, huenda waya na mabomba yalipishanishwa siku ya kufunga. Hapo hata utiwe gesi mara kumi haisaidii.

Pili, naangalia picha kwenye rimoti zote. Theluji ni baridi, tone la maji ni kukausha unyevu, jua ni joto. Hapa visiwani jua hatulihitaji hata wakati wa kipupwe. Nimekishonea kile kitufe kwenye rimoti ya mama kijifuko cha kitambaa chekundu, na mjukuu anajua kuwa hapo hapaguswi. Mama akihisi baridi tunapandisha namba mpaka 27, si kubadilisha picha.

Tatu, naosha filta. Dada zangu mnaoshona nyumbani, nyuzi na vumbi la vitambaa vinaziba filta haraka mno. Upepo usipopita, mashine ya ndani inaweza kuganda barafu, na barafu hiyo hiyo huwa ni dalili ya gesi kupungua. Ndiyo maana inadanganya watu. Izime, iache iyeyuke yenyewe, usiikwangue kwa kisu. Osha filta kwa maji, ianike kivulini ikauke, irudishe. Ikiganda tena na filta ni safi, hapo fundi ana kazi. Mimi chumba cha kushonea naosha kila wiki, vyumba vyengine mara moja au mbili kwa mwezi.

Nne, maji yakidondoka ukutani naangalia ule mpira unaoyatoa nje. Wengi wetu tunauwekea ndoo ili maji yasipotee, na si vibaya, lakini ncha ya mpira ikizama ndani ya maji yanashindwa kutoka vizuri na yanarudi chumbani. Uning'inize juu ya maji. Mara nyengine umeziba kwa uchafu tu.

Tano, mashine ya nje. Upepo wa bahari una chumvi na chumvi inakula chuma. Nazima breka, naimwagia maji baridi taratibu bila ya kuyapiga kwa nguvu, naiacha ikauke. Kanga na mashuka siziwambi mbele yake, inahitaji kupumua. Lakini mfuniko wake sifungui, na wewe usifungue. Mna kifaa kinachohifadhi umeme hata baada ya breka kuzimwa, na umeme huo unaweza kukudhuru. Hapo ndipo kazi yangu inapoishia na ya fundi inapoanza.

Na fundi naye ana adabu zake za kuitwa. Aje wakati yupo mume, kaka, mtoto mkubwa au maharimu yeyote, usibaki naye peke yako. Akisema gesi, mwambie akuoneshe geji. Asome kibandiko cha mashine ya nje ajue ni gesi gani, R410A au R32 au nyengine, maana hazichanganywi. Aipime kwa mizani. Na kumbuka gesi ya AC haiishi kwa kutumika kama ya jiko. Inazunguka mle mle miaka na miaka. Ikipungua, kuna pahala inavuja, basi apake povu la sabuni kwenye viungo atafute pavujapo kabla ya kutia nyengine. Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa. Wangu wa sasa anafurahi, anasema namwokolea muda.

Sasa narudi kwenu mabiharusi na mama zenu. Tunamfunda mtoto wa kike udi, singo, mapishi, namna ya kumpokea mume na kumheshimu mama mkwe. Yote mazuri. Lakini tunamwingiza kwenye nyumba yenye AC, friji na pampu ya maji, na hajui hata breka iko wapi. Mume akisafiri, kila anayeingia na bisibisi ndiye anayemwamulia, na pesa ya mumewe ni amana mikononi mwake. Kutoa 160,000 kwa kitu kisichohitajika ni israfu hata kama hukukusudia. Mimi nimeifanya, ndiyo maana nasema.

Wapo watakaosema mwanamke akishika bisibisi anajishusha. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake na kukitengeneza kiatu chake mwenyewe, na hakuna aliyemzidi kwa heshima. Sisi kuosha filta kutatushusha nini?

Kwa hiyo somo akimaliza yake, mama amshike mkono bintiye wazunguke naye nyumba mpya kabla ya harusi. Hii breka. Hii filta, inatoka hivi. Hii ndiyo picha ya jua, usiiguse. Robo saa inatosha. Yule bi harusi wangu wa satini nilimfundisha hayo siku alipokuja kuchukua gauni, na mama yake akasema naye hakuwa akiyajua.

Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu na baridi ya kutosha. Tuonane tena inshaallah. Maa salaam.