Ufadhili wa masomo kwa Batwa na Bambuti usikatike kabla ya kutoa wanganga bingwa

Kila masomo yanapoanza mwezi wa Septemba, huko Kalehe, Kabare, Walikale na hata Mambasa, picha ni ile ile. Shirika linafika na gari, watoto wa Batwa au wa Bambuti wanapangwa mstari, wanapewa madaftari, kalamu na yunifomu. Wapiga picha wanafanya kazi yao, kisha gari linarudi mjini. Kumpa mtoto daftari si vibaya. Lakini tangu picha hizo zianze kupigwa, nani amewahi kurudi kuuliza ni wangapi kati ya watoto hao walifika kuvaa koti jeupe la munganga? Na zaidi sana, ni wangapi walifika kuingia chumba cha upasuaji wakiwa wao ndio wapasuaji?

Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Congo ina sheria juu ya jambo hili. Ni sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inayolinda na kuendeleza haki za wenyeji wa asili, wale ambao wengi bado wanawaita Mbilikimo, jina ambalo wengi wao hawalipendi. Inataja haki yao ya masomo na haki yao ya kutunzwa afya. Tabu ni kwamba kila mara inapozungumzwa katika semina za Bukavu, Goma au Kinshasa, haki ya masomo inageuka kuwa shule ya msingi, na haki ya afya inageuka kuwa kituo kidogo cha afya kijijini. Hakuna anayetaja munganga bingwa, kana kwamba mtoto wa Mutwa aliumbwa kuwa mgonjwa tu, na kwa bahati njema sana, muuguzi.

Inchi ya Australia iko mbali na ni tajiri, lakini wenyeji wake wa asili wanaijua vizuri hadithi hii: kuondolewa kwenye ardhi yao, kudharauliwa, kufika hospitali na kuonekana kama wageni katika inchi ya mababu zao. Mwanamke wa kwanza Muaborijini kupata shahada ya munganga alikuwa pia munganga wa kwanza kabisa kutoka kwa watu wake. Ni Helen Milroy, aliyehitimu mwaka 1983. Wengi walifikiri kwamba kwa kuwa mlango umefunguliwa, wengine watapita wenyewe hadi juu. Haikuwa hivyo. Mpasuaji wa kwanza Muaborijini, Kelvin Kong wa watu wa Worimi, bingwa wa masikio, pua na koo, alikubaliwa katika chuo cha wapasuaji mwaka 2007, yaani miaka 24 baadaye. Munganga bingwa wa kwanza wa macho kutoka kwa watu hao, Kris Rallah-Baker, alipatikana mwaka 2018. Hapo ni miaka 35.

Juu ya nini muda mrefu hivyo, katika inchi yenye pesa na vyuo vizuri? Kwa sababu njia ya ubingwa inamkata mtu pale ambapo watu wote wanadhani amekwisha kuokoka. Kijana amepata shahada, kijiji kimecheza ngoma, wazazi na wadogo zake wanangoja awasaidie. Wakati huo huo anaambiwa asome tena miaka minne, mitano au zaidi, alipe mitihani, ahamie mji mwingine, asafiri kwenda kwenye mikutano ya wanganga ili ajulikane na wakubwa wa kazi yake. Mtoto wa tajiri anavumilia. Mtoto wa maskini anachukua kazi ya kwanza inayomlipa mshahara, na ubingwa unaishia hapo. Ndiyo maana chuo cha wapasuaji cha Australia na New Zealand kina ufadhili wa pekee kwa ajili ya Waaborijini, watu wa visiwa vya Torres na Wamaori, wa kuwasaidia wanapojiandaa kwa masomo ya upasuaji na wanapokuwa ndani yake. Pesa hizo zinaingia pale hasa ambapo njia ilikuwa inakatika. Hata hivyo kazi haijakwisha: wenyeji wa asili ni karibu watu 4 kwa kila 100 wa Australia, lakini kati ya wanganga hawafiki hata 1 kwa 100.

Na huko Australia, munganga anayesomea ubingwa analipwa mshahara. Huku Congo, mara nyingi yeye ndiye anayelipa. Analipa minervali, analala zamu usiku kucha, anahudumia wagonjwa wa hospitali nzima, na mwisho wa mwezi anapata kitu kidogo au hakuna. Mwenye kuvumilia hali hiyo ni yule ambaye nyuma yake kuna mzazi mwenye duka au mjomba aliye Ulaya. Mutwa ambaye mama yake anauza kuni kando ya barabara atavumilia kwa nguvu gani?

Kuna watakaosema kwamba hili si la haraka: wanaofika chuo kikuu ni wachache mno, tuanze na alfabeti. Wanasahau kwamba mtoto hasomi kwa ajili ya alfabeti. Anasoma kwa sababu ameona mtu anayefanana naye amefika mahali fulani. Kong ni bingwa wa masikio, na si jambo dogo, kwa sababu ugonjwa wa masikio unawashambulia watoto wa Kiaborijini kuliko karibu watoto wote wa dunia. Mtoto asiyesikia vizuri anakaa darasani bila kumfuata mwalimu, kisha anaitwa mjinga, kisha anaacha shule. Munganga mgeni anaweza kulitibu sikio. Munganga aliyetoka katika watu hao anajua pia kwamba mtoto hakuwa mjinga, na mzazi anamwamini anaposema hivyo.

Huku mashariki ya Congo, mfano wa sikio unaweza kuwekwa mahali pa uzazi. Mwanamke Mutwa anayepata uchungu hasogei hospitali kuu mapema. Anaogopa faktura, maana anajua wanawake waliofungiwa hospitalini na vitoto vyao hadi jamaa walipe. Anaogopa pia kicheko cha kwenye korido, maneno juu ya nguo zake na harufu yake. Anafika amechelewa, damu imekwisha kutoka nyingi, na baadaye inasemwa kwamba « hawa watu hawapendi hospitali ». Munganga bingwa wa uzazi anayezungumza kama yeye hataondoa faktura. Lakini mbele yake, nani atathubutu kucheka?

Wakongomani hawahitaji kwenda hadi Australia ili waone nguvu ya munganga mmoja aliyesaidika kufika mwisho. Mwaka 1960, inchi ilipopata uhuru, ilikuwa na wasaidizi wa wanganga lakini karibu hakuna Mukongomani mwenye shahada ya munganga. Wakati huo hakuna aliyesema tuanze na alfabeti. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilisaidia kutuma makumi ya wasaidizi hao Ufaransa wakamalizie masomo, na baada ya miaka michache wakarudi kuwa wanganga kamili. Zaidi ya miaka 20 baadaye, Denis Mukwege, aliyesomea uganga Burundi, alifanya kazi Lemera, akaona wanawake wanavyokufa wakizaa, akaenda Angers kusomea magonjwa ya wanawake. Alirudi Lemera mwaka 1989. Bila miaka ile ya Angers, hospitali ya Panzi ya mwaka 1999 ingekuwa kitu kingine, ikiwa ingekuwapo.

Wengine watauliza kwa nini Batwa wapendelewe, wakati Wakongomani wote ni maskini. Swali ni la haki. Jibu moja ni kwamba munganga bingwa hachagui tumbo la kupasua: Mushi, Muhavu, Muhunde na Munande watapanga foleni mbele ya mlango wake. Jibu lingine linauma zaidi. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilipoundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, Batwa walifukuzwa katika msitu wao bila fidia. Tangu hapo pesa za wafadhili na za watalii zimeingia kwa ajili ya sokwe. Kama inchi inatafuta mfuko wa kwanza wa kugonga ili kulipia masomo haya, uko hapo, wala si sadaka ya mtu yeyote.

Hatari iko mahali pengine. Orodha ya wanaofadhiliwa ikiandikwa katika ofisi ya jimbo, Batwa wapya watazaliwa usiku mmoja, wenye majina ya wakubwa. Sherti majina yapitie kwa vijiji na mashirika ya wenyeji wa asili wenyewe, yabandikwe ukutani, kila mtu ayasome. Ufadhili nao usiwe wa mwaka mmoja mmoja, wa kuombwa upya kila Septemba. Uwe mkataba mmoja kuanzia diploma ya serikali hadi ubingwa, wenye minervali, nyumba, chakula na kitu kidogo cha kutuma nyumbani, na munganga aahidi kwa maandishi kufanya kazi miaka kadhaa katika zoni ya afya alikotoka. Hospitali nayo iahidi kumpa chumba cha upasuaji chenye taa na dawa za usingizi, kwa sababu bingwa asiye na vifaa ataondoka, na hakuna atakayekuwa na haki ya kumlaumu.

Kijana wa Bunyakiri au wa Mambasa anayepata diploma ya serikali mwaka huu, akilipiwa bila kukatizwa, anahitaji miaka isiyopungua 11 kabla ya kuwa munganga bingwa.